Thirza wa Injini

Kwetu Stobley, kijiji cha wachimba makaa, ukitaja Injini, watu wanaelewa unataja kuta. Injini yenyewe, ya mvuke, iliuzwa vyuma chakavu kabla mimi sijazaliwa. Zilibaki kuta nne za mawe, ndefu kuliko kanisa, hazina paa. Ukuta mmoja ni mnene kuliko mingine, maana juu yake ndipo ilipolala boriti kubwa ya chuma. Ilikuwa ikipanda na kushuka mchana kutwa na usiku kucha kama mtu anayetwanga, ikivuta maji chini ya mgodi ili wanaume wachimbe makaa wasizame.

Mke wangu Thirza alizaliwa nyumba ya mwisho ya safu ya nyuma ya nyumba za wachimbaji, ile inayopakana na kuta hizo. Amefariki Machi hii. Njiwa wake bado wapo mle ndani, na kila anayekuja kuwaona ananiuliza walifikaje. Nimeona niandike, niache kusimulia kila siku.

Bibi yake Thirza alikuwa akienda Injini kila Jumatatu na ndoo. Kulikuwa na bomba la maji moto limetokeza nje ya ukuta, na wanawake wa safu zote walikinga hapo maji ya kufulia. Foleni ilikuwa ndefu na umbea ulikuwa mwingi. Kisha mgodi ukaleta pampu ya umeme, Injini ikazimwa. Wanaume walishangilia. Bibi yake alisema, "Huo umeme utanifulia shuka?"

Thirza alirithi ulimi wa bibi yake.

Mimi nilikutana naye kantini ya mgodi. Nilikuwa nimetoka zamu, uso mweusi, yanaonekana macho tu. Yeye alikuwa anagawa dengu za kuponda na nyama ya nguruwe.

"Niongeze kidogo, dada," nikamwambia.

"Umenawa?"

"Bado."

"Sasa nitajuaje kama hujapita hapa mara moja? Nyote mmefanana."

Foleni nzima ikacheka. Nikaenda kunawa, nikarudi. Akanitazama vizuri.

"Afadhali ungebaki na makaa yako," akasema. Lakini akaniongeza. Mwaka uliofuata tukaoana.

Baba yake, Matty Laidler, alifuga njiwa wa mbio tangu ujana. Alipokuwa mahututi, wanawe wawili wa kiume walikaa kando ya kitanda wakisubiri kusikia banda ataachiwa nani.

"Thirza," mzee akasema.

"Na sisi je, baba?"

"Nyinyi pia nawaachia Thirza."

Ndivyo alivyopata njiwa. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, ileile ya mzee, karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Klabu ya njiwa ya Stobley ilikuwa ya wanaume watupu. Walimpokea kwa heshima ya baba yake. Katika chumba chao kuna ubao mkubwa wenye maandishi ya dhahabu, majina ya walioshinda mbio za Ufaransa, jina moja kwa kila mwaka. Matty Laidler hakuwahi kuandikwa pale. Thirza alitaka aandikwe yeye. Wala hakuficha. Alikuwa akipita chini ya ubao na kusema kwa sauti, "Nafasi yangu ni ile pale. Mtu asije akatundika kofia."

Katibu wa klabu, Septimus Gaul, alikuwa jirani yetu. Jina lake lilikuwa limejaa kwenye ule ubao. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye suruali zilizopigwa pasi hata siku ya kusafisha banda.

"Bibie, ubao huu ni mzito," alimwambia. "Utakuangukia."

"Ukiniangukia utakuwa umeshushwa na majina yako, Sep."

Mbio zenyewe ni hivi. Njiwa wanapelekwa na lori hadi Ufaransa, wanafunguliwa asubuhi, wanavuka bahari, kila mmoja anarudi kwao. Kila njiwa ana pete ya mpira mguuni. Akiingia bandani unamvua pete, unaitia ndani ya saa ya klabu, unapiga, nayo inaandika wakati. Hapo ndipo amefika. Akiwa angani, hajafika. Akiwa juu ya paa, hajafika. Anaweza kuwa amekaa anakutazama usoni, na bado hajafika.

Thirza alikuwa na njiwa jike wa kijivu, kifua kipana, macho makali. Alimwita Mama Mkwe. Mama yangu alikuwa hai, tena tulikaa naye nyumba moja.

"Mbona umempa jina langu?" mama akamuuliza.

"Anapenda kukaa juu akinitazama nikifanya kazi."

Mama akafikiri. "Na kwenye mbio?"

"Hashikiki."

"Basi mwache nalo."

Mwaka ule Mama Mkwe alipelekwa Ufaransa. Jioni tulikaa nyuma ya nyumba, shingo zimekakamaa kwa kutazama juu. Upande wa pili wa ukuta Septimus naye alikuwa kitini anatazama. Anga tupu. Mara Thirza akasimama.

"Yule!"

Alikuwa yeye. Alikuja peke yake, hakuna mwingine nyuma yake. Alishuka kama jiwe, akapita juu ya bomba letu la moshi, akapita juu ya banda, akaenda kutua juu ya Injini, kwenye ule ukuta mnene. Akaanza kujichambua manyoya.

Thirza akatikisa kopo la mahindi. Njiwa akamtazama. Thirza akapiga mluzi wa chakula. Njiwa akanyoosha bawa moja, akalitazama kama mtu anayekagua nguo mpya.

"Shuka, mama, shuka mpenzi wangu," Thirza akambembeleza. "Shuka ule. Shuka, mwanaharamu mkubwa wewe!"

Mama yangu akatoka na kipande cha keki. "Mwonyeshe hii."

"Hali keki, mama."

"Hujamwonyesha."

Septimus alikuwa amesimama juu ya kiti chake ili aone vizuri. "Bibie! Huyo njiwa wako anaendesha pampu?"

Njiwa wa Septimus akaja. Akaingia moja kwa moja bandani, akavuliwa pete. Wakaja wa watu wengine. Mama Mkwe aliposhuka, alishuka taratibu, akatembea hadi mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Thirza alimvua pete. Kisha akambusu kichwani, akamwambia, "Wewe ni mama mkwe kweli kweli."

Jumapili nzima alizunguka jikoni. Jumatatu akaniambia, "Wilf, anapenda kule. Basi twende kule."

"Kule wapi?"

"Injini. Nahamisha banda."

Sasa hapa lazima niseme jambo. Njiwa aliyekomaa akishalijua banda, hahamishwi. Stobley hata mtoto wa kunyonya anajua. Thirza alilijua hilo kuliko wote. Lakini alikuwa amemwona njiwa wake juu ya ule ukuta, mbele ya macho ya Septimus, na akili ikamwambia kwamba huyu ni tofauti, huyu moyo wake uko kule. Nilimwambia. Ndugu zake walimwambia. Septimus alikuja mlangoni kwa hisani akamwambia. Thirza akamjibu, "Unaogopa, ndiyo maana."

Kuta zile ni za halmashauri. Bwana mmoja alikuja, Bwana Pallister, mtu mpole. Akasema hakuna kupigilia hata msumari mmoja ukutani, maana ni jengo la kuhifadhiwa. Thirza akamwonyesha alivyopanga: banda litasimama peke yake katikati, juu ya matofali, wala halitagusa jiwe. Bwana Pallister alizunguka ndani akitazama juu, pale kuta zinapokata mbingu mraba. Mchicha pori ulikuwa umemfika magotini, na chupa tupu zilikuwa kila mahali.

"Nani anafagia hapa?" akauliza.

"Hakuna," Thirza akasema. "Nikihamia nitafagia mimi."

"Basi hamia, mama."

Tulilivunja banda ubao kwa ubao, tukalipeleka kwa toroli. Njiwa tuliwabeba kwenye vikapu. Mama alitembea nyuma yetu amebeba kopo la mahindi, akisalimia watu kama tunakwenda harusini. Thirza aliwafungia njiwa humo majuma mengi ili wapazoee. Alipowafungulia walizunguka juu, wakarudi Injini. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Thirza akaanza kutembea kifua mbele.

"Mmeona?" akawaambia watu wa klabu. "Mmeona nyinyi wataalamu?"

Septimus alikuja na kamba na ramani kupima upya, maana mshindi hupatikana kwa hesabu ya umbali wa kila banda. Alifanya kazi yake kwa haki. Alipomaliza akafuta viatu. "Nimekupimia, bibie. Sasa mwambie na njiwa."

Mbio za Ufaransa zikaja tena. Thirza alikuwa Injini na saa yake. Mimi nilikuwa jikoni nanyoa ndevu, povu usoni. Nikasikia mama akiita kutoka nje.

"Wilf! Mwenzangu amekuja!"

Nikatoka. Mama Mkwe alikuwa amesimama chini, katikati ya kabichi zangu, palepale lilipokuwapo banda la zamani. Anatembea huku na huku. Anatafuta mlango. Alikuwa ametoka Ufaransa, wa kwanza tena, na safari ndefu ilikuwa imemrudisha alikoanguliwa.

Nilikimbia Injini na povu langu. "Yuko nyumbani!"

"Nyumbani wapi?"

"Kwenye kabichi!"

Thirza akanitazama. Nilidhani atalia. Akaketi chini kwenye nyasi akacheka, akacheka hadi akashika mbavu, hadi ndugu zake wakaja kuangalia kuna nini. Tulipofika nyumbani mama alikuwa amemwekea njiwa sahani ya keki. Alikuwa anakula.

Jioni klabu ilikuwa na furaha kubwa kwa gharama yetu.

"Thirza, hamisha na nyumba!"

"Hamisha kabichi!"

"Jamani, mwacheni," Septimus akasema. "Ana njiwa mwenye nyumba mbili. Mimi ninayo moja tu, na mke wangu haniachii pa kukaa."

Thirza alicheka nao. Lakini tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Mwaka huu umekwenda, Wilf. Na Mama Mkwe ndiyo basi, simpeleki tena. Nitazeeka bila kuandikwa, kama baba." Nikamshika mkono.

Mama Mkwe akabaki Injini anataga. Masika yaliyofuata aliangua kinda mmoja, dume, mweusi kama bomba la moshi. Thirza akamwita Masizi. Huyu hakulijua banda lingine duniani. Alipofumbua macho aliona kuta za Injini, na alipotazama juu aliona ule mraba wa mbingu. Aliporuka mara ya kwanza alitoka kupitia dirisha refu la upande wa kusini, na akarudi kwa dirisha hilohilo. Wengine waliingia kwa juu. Yeye dirishani tu, mabawa yamekaribia kugusa mawe.

Kinda hapelekwi Ufaransa mpaka akomae. Thirza akasubiri. Miaka hiyo ya kusubiri alikuwa anashinda kule. Alifagia kama alivyoahidi. Aliweka viti viwili na birika. Wanawake wa safu ya nyuma wakaanza kupita kunywa chai, kwanza mmoja, kisha wakawa wengi, na mimi nikawa nikitaka kula nakwenda kutafuta mke wangu Injini. Mama alipewa kiti cha kudumu pale, chini ya tundu la lile bomba la zamani.

Ikafika zamu ya Masizi. Na hapo pakatokea jambo ambalo Thirza hakulipanga. Watu wote wa Stobley walitaka kuona. Walikuwa wamecheka mara mbili, sasa walitaka ya tatu. Jioni ile walijaa ndani ya kuta na nje ya mlango, na chai, na watoto, na mkate mnene wenye nyama. Septimus naye alikuja. Mkewe Ada alikuwa amebaki nyumbani kwao analinda saa.

"Sep, huna njiwa leo?" Thirza akamuuliza.

"Ninao. Ila Ada anajua kuvua pete. Nimekuja kuangalia wako atatua kwa nani."

Kulikuwa na mawingu. Muda ukapita. Watu wakaanza kupiga soga, wakasahau kutazama. Thirza hakusahau. Nikahisi ameubana mkono wangu.

"Kusini," akasema.

Kidoa cheusi. Kikakua. Kilikuja chini, sawasawa na dirisha, kwa kasi. Ndipo watu wakamwona nao, wakapiga kelele.

Masizi alifika dirishani akakuta watu wamejaa kwenye nyumba yake wanapunga kofia. Akageuka ghafla, akapanda juu. Akatua juu ya ukuta mnene. Palepale pa mama yake.

Hakuna aliyecheka. Ajabu, hakuna hata mmoja.

Thirza akaniachia mkono. Akasema kwa sauti ndogo, lakini wote walisikia. "Laleni chini. Wote. Laleni, msitikisike."

Watu wakalala. Wanawake na vikombe vyao, watoto, ndugu zake wawili, wote chini kwenye nyasi na tope kama waliofyekwa. Mama yangu akabaki kitini.

"Mama, lala," nikamnong'oneza.

"Nikilala mtanizika." Akajifunika mtandio kichwani, akawa kama gunia.

Niligeuza macho nikamwona Septimus Gaul. Alikuwa amesimama bado, na suruali yake mpya ya kijivu. Akatazama tope. Akatazama ukuta. Angekohoa tu, Masizi angeruka akazunguka Stobley nzima. Septimus akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi, taratibu, na tumbo lake lote.

Thirza akatikisa kopo mara moja, kidogo sana.

Masizi akainamisha kichwa. Akatazama mlango wa banda. Akatutazama sisi.

Kando yangu nikasikia Septimus anavuta pumzi kwa vipande vipande. Jani la nyasi lilikuwa limemwingia puani. Uso ukawa mwekundu, ukawa wa zambarau. Machozi yakamtoka. Akajibana pua kwa mikono miwili, akafukia uso topeni.

Masizi akaruka. Hakushuka moja kwa moja. Alitoka nje, akazunguka, akaja kupitia dirisha lake la kusini, akaingia bandani. Thirza alikuwa na mkono ndani kabla mabawa hayajafungwa. Pete. Saa. Tukasikia inagonga.

Na Septimus akapiga chafya. Ninaapa kunguru wadogo wote wa Injini waliondoka.

Wakati huo tulisikia Ada akiita kutoka ng'ambo ya safu. Njiwa wao amefika, naye ameshapiga saa. Nani ametangulia, hakuna aliyejua. Wakaja watu wa klabu ya jirani kupiga hesabu, maana katibu wetu hesabu hii ilimhusu. Chumba kilijaa. Thirza alisimama chini ya ubao, na safari hii hakusema kitu. Septimus alikaa kando na tope hadi kwenye nyusi.

Hesabu ikatoka. Masizi ndiye wa kwanza. Wa Septimus alimfuata nyuma kwa pumzi moja.

Watu walipiga meza. Ndugu zake walimnyanyua juu. Aliposhushwa alikwenda moja kwa moja kwa Septimus.

"Ungepiga tu ile chafya, Sep."

"Najua."

"Kwa nini hukupiga?"

Septimus akajitazama suruali. "Nilikuwa nimeshachafuka, bibie. Nikaona heri nichafuke kwa faida ya mtu." Kisha akampa mkono. "Kesho nitamwita mchoraji. Nitasimama hapa aandike mbele yangu."

Walitaka Thirza akae anywe nao. Alikunywa glasi moja, akaniashiria. Jua lilikuwa halijazama. Tulikwenda Injini kuwapa njiwa maji, maana kwa ghasia zile hakuna aliyekumbuka. Nyasi zote zilikuwa zimelala, unaona alama za watu, hapa mtoto, pale tumbo la Septimus.

Masizi alikuwa amekula ameshiba, anasinzia kwenye kijiti chake. Thirza akaingia bandani akakaa karibu naye. Nilisikia tu akivuta pumzi, kama mtu aliyetua ndoo. Mimi nikabaki mlangoni, nikamwacha akae.